Aliyeusukuma Mtumbwi wa Pombe

Mji wa Bukoba umekaa mahali pazuri kwa macho na pabaya kwa maji. Mgongoni una milima, usoni una ziwa, na katikati umepitiwa na mto Kanoni, ambao kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa magoti. Kwa udogo wake huo watu waliuzoea mpaka wakaudharau. Walijenga ukingoni, wakapanda migomba hadi miguuni pa maji, wakafua humo, wakatupa humo maganda ya ndizi. Basi Jumatatu moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa hamsini na mbili, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye amri, mvua ilishuka milimani tangu alfajiri, na ilipofika saa nane mchana Kanoni ulikuwa unachungulia watu madirishani. Nyumba kumi na moja zilikwenda, mabanda ya kuku usiulize, lakini mtu hata mmoja hakufa. Alhamisi yake, matope yakiwa bado yananata kwenye nyayo, Burhani aliwasha tena jiko lake juu kidogo ya daraja, upande wa Kashai, akatenga dele la kahawa, akalifuta benchi kwa kanga kuukuu ya mkewe, na kijiwe kikarudi kwenye kazi yake ya kujua kila kitu.

Huyo Burhani wenzake walimwita Shehe, si kwa elimu bali kwa kanzu. Babu yake alikuja na msafara kutoka Pwani akiuza shanga, na mjukuu akaishia kuwauzia kahawa Wahaya, watu walioitafuna kahawa tangu enzi za mababu na wanaoona kuichemsha ni kuisumbua bure. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Rutashobya aliitwa Sajini kwa sababu alirudi kutoka vita vya Bama, vya Mwingereza na Mjapani, na koti la jeshi, ingawa huko Bama alikuwa mpishi. Nathanieli, tarishi wa ofisi ya Bwana Shauri wa wilaya na mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya Kilutheri, aliitwa Baromita kwa sababu kila asubuhi ndiye aliyemwaga maji ya kipimamvua cha serikali. Wa tatu ni Karugendo, mbeba magunia wa ghala la kahawa, mwanamume mrefu, mpole, mwenye shingo pana. Yeye walimwita Gunia.

Siku hiyo Karugendo hakuwa na raha ya kukaa. Aliketi ncha ya benchi, kikombe mkononi, jicho moja likiwa kwenye nyumba ya Burhani hapo nyuma yao, hatua ishirini tu, ambako mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa umefungwa kwa mkeka. Nyuma ya mkeka ule alikuwamo mkewe, Kemilembe, na mtoto wa kike wa siku tatu.

— Mimi sitaki mambo mengi, alisema Karugendo. Nataka jina. Jina la mtu aliyeusukuma ule mtumbwi uliomleta mke wangu. Basi.

— Kesho ndiyo siku? aliuliza Rutashobya.

— Kesho asubuhi mtoto anapewa jina. Nami nimeapa mbele ya mama yangu kwamba mwanangu atachukua jina la aliyemwokoa. Sasa niende kesho nikasimame mbele ya ukoo niseme nini? Aitwe Sijui?

— Na kama mwokozi ni mwanamume? Mtoto si wa kike?

— Nitachukua la mama yake. Kila mtu ana mama.

— Jini hana, alisema Burhani polepole, akimimina.

Walimwacha apite, kwa kuwa walimjua. Shehe akishaanza hadithi za majini mapema hivyo, kahawa huisha kabla ya hoja.

Karugendo alikunywa, akaunguza ulimi. Alikuwa na shukrani nyingi mpaka zilikuwa zinamwasha. Tangu Jumanne alikuwa amemshukuru Mungu kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Alimshukuru Burhani kwa chumba, na Siti mke wa Burhani kwa ukunga. Alimshukuru Nathanieli kwa blanketi la serikali ambalo hakuna aliyeuliza limetokaje ofisini, na Rutashobya kwa supu, maana cheo cha Sajini kilikuwa na shaka lakini supu yake haikuwa nayo. Shukrani kubwa kuliko zote ndiyo ilikuwa haina pa kwenda. Kwao mtu akikuokolea mzazi na kichanga humalizani naye kwa salamu. Unamwendea kwake, unampa jina lake likae kwenye ukoo wako mpaka wajukuu waulize lilitoka wapi. Ukiacha, mtoto anakua na deni asilolifanya.

— Tuanze upya, alisema Burhani. Baromita, wewe ndiye uliyeona. Eleza.

— Nimeshaeleza mara sita.

— Ya saba ina thawabu.

Nathanieli aliweka kikombe chini, akakohoa kama anataka kuanza zaburi.

— Jumatatu, saa nane na nusu, nipo darajani, daraja bado halijafunikwa. Nyumba ya Gunia pale bondeni naiona, maji yameshaingia. Mara naona mtumbwi unatoka kwenye migomba yake. Si mtumbwi wa ziwani, jamani. Ni mtumbwi wa pombe. Ule mfupi mpana, gogo lililochongwa, wa kukanyagia ndizi. Ndani yake mtu amejikunja, nguo nyekundu. Na mto wote unakwenda ziwani, lakini ule mtumbwi unakwenda mlimani. Unakata maji hivi, pole pole, kuelekea huku juu.

— Na msukumaji?

— Sikumwona. Mvua ilikuwa ukuta. Niliona kitu kirefu tu kimechomoza ubavuni. Kinapanda, kinashuka. Kinapanda, kinashuka. Halafu daraja likaanza kutikisika, nikakumbuka kwamba nina watoto watano.

— Ukakimbia.

— Nikaondoka. Mtumishi wa serikali hakimbii.

Yaliyofuata kila mtu aliyajua. Siti alisikia sauti nje, akatoka na kumkuta Kemilembe amekaa kwenye tope la uani, nguo nyekundu imemganda mwilini, uchungu umeshika, na mtumbwi umelala kando yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Siti alimwingiza ndani, akawafukuza wanaume, na jua lilipokuwa linatua mtoto akalia. Tangu hapo Siti akawa bawabu. Mwanamume hapiti mlango wa mzazi mpaka mtoto awe na jina, na hilo Wahaya na watu wa Pwani walikubaliana bila mkutano.

— Kwanza jambo moja tuliweke sawa, alisema Rutashobya. Lazima alikuwapo mtu. Kemilembe hawezi kuwa aliingia mwenyewe kwenye chombo kile.

— Haiwezekani, alisema Nathanieli.

— Mwanamke hata kivuli chake hakipiti kwenye mtumbwi wa pombe. Akiugusa, rubisi haichachi. Inakuwa maji ya kuoshea miguu. Mama yangu alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba nzima asipite karibu nao.

— Na wangu, alisema Karugendo.

— Kwa hiyo alikuwapo mtu, akambeba, akamtia, akasukuma. Hapo tumeshaelewana. Asiyekuwapo na lake halipo.

— Hiyo methali umeitumia vibaya, Sajini, alisema Burhani.

— Nimeitumia vizuri. Lake lipo. Kwa hiyo alikuwapo.

Waliipima, wakaona haina pa kushika, wakaiacha ipite.

— Mimi nasema ni serikali, alisema Nathanieli. Sikilizeni kabla hamjacheka. Asubuhi ya Jumatatu nilimwaga kipimamvua. Inchi nne na nusu! Nikampa karani namba. Karani akaandika. Ikiandikwa, serikali imejua. Serikali ikijua, inatuma mtu. Mtu mmoja mwenye nguvu, na agizo: nenda bondeni, angalia wajawazito.

— Serikali gani? alisema Burhani. Hiyo iliyoandikiwa barua kuhusu daraja hili mwaka juzi, ikajibu mwaka huu kwamba barua imepokelewa?

— Haraka haraka haina baraka.

— Sasa iwe na haraka Jumatatu tu?

— Dharura, Shehe. Dharura ina faili lake.

— Na huyo mtu wa serikali kwa nini amejificha? Mtumishi wa serikali akikupa kijiko cha dawa tu anataka utie dole gumba. Huyu ameokoa watu wawili halafu hataki hata sahihi?

Nathanieli aliomba kahawa nyingine. Karugendo, ambaye kwa muda alianza kufikiri mtoto wake ataitwaje kwa jina la mama wa mtumishi wa serikali, aliona tumaini hilo limezimika, akamgeukia Rutashobya.

— Sajini, wewe umezunguka. Unasemaje?

— Nilikuwa nawasubiri mchoke, alisema Rutashobya, akafunga kifungo cha koti. Kitu kirefu kinapanda, kinashuka. Hamkujiuliza ni nini?

— Ni nini?

— Bomba la kuvutia pumzi. Kule Bama nilivuka mto ambao huu wenu ukiuona utauamkia. Majapani wako ng'ambo. Usiku—

— Ulikuwa unapika.

— Mpishi naye huvuka! Sufuria zitavushwa na nani? Nasema, tulikuwa na askari wanaotembea chini ya maji. Chini kabisa, kwenye tope, na bomba mdomoni. Anakwenda maili mbili hujui. Wengine wamestaafu. Wamo nchini, wametulia, wanalima. Mafuriko yanapokuja, mwili unakumbuka kazi.

— Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anatembea chini ya Kanoni?

— Ndiyo maana Baromita hakumwona. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Ngamani ni wapi? aliuliza Nathanieli.

— Pale pale ziwani, mbele kidogo.

Burhani, ambaye damu yake ilijua ngamani ni sehemu gani ya chombo, alifumba macho kwa uchungu.

— Na alipofika juu, akaenda wapi? aliuliza Karugendo. Kwa nini hakubisha hodi?

— Akarudi chini. Kwa askari wale, nchi kavu inawatia kizunguzungu.

Karugendo alimshukuru hata kwa hilo. Hakuliamini, lakini alikuwa amefika mahali ambapo mtu huwashukuru hata wanaompoteza njia, kwa vile angalau wanatembea naye.

— Sasa nisikilizeni mimi, alisema Burhani, akalishusha dele. Mnazunguka bure. Hakuonekana: jini. Ana nguvu za kushinda mto: jini. Ametoweka: jini. Mto wowote unaopita mjini una jini lake, na huyu wa Kanoni ni Muislamu safi, babu yangu alisikia akiadhini.

— Muislamu! Nathanieli alijipiga gotini kwa furaha. Shehe, umejifunga mwenyewe. Jini Muislamu ataushikaje mtumbwi wa pombe? Ule umenywa rubisi miaka ishirini!

— Ndiyo maana hakuushika. Akausukuma kwa mti. Hicho kitu kirefu mlichoona.

Benchi zima lilipigwa na butwaa. Ilikuwa hoja kamili, imefungwa pande zote, na hata Rutashobya alivua kofia.

— Lakini jini lina jina? aliuliza Karugendo.

— Lina jina refu sana. Huwezi kulisema lote bila kutawadha.

— Na mama yake?

— Gunia, usiniulize mama wa jini asubuhi hii.

Nathanieli alitazama huku na huku kama mtu anayehofia kwamba mchungaji anapita, akainama mbele, sauti yake ya nne ikashuka mpaka ya tano.

— Mimi ni Mkristo. Mnanijua. Lakini mto ukijaa hivi, wazee wetu walikuwa hawamtafuti askari. Walikuwa wanasema, Mugasha ametoka ziwani.

Jina hilo liliwafanya wote wakaze shingo kuelekea upande wa maji, hata Burhani, ambaye Mugasha hakuwa wa kwao. Bwana wa ziwa na tufani hasemwi hivi hivi asubuhi.

— Endelea, alisema Rutashobya kwa kunong'ona.

— Mugasha anapanda mto kutafuta pombe. Anapenda pombe, hilo linajulikana. Anauona mtumbwi unaelea, anaukamata, anaangalia ndani, anakuta hakuna pombe, kuna mama mwenye mimba. Aibu ikamshika. Hata yeye ana wake. Akausukuma juu, akaurudisha mto nyumbani. Ndiyo maana maji yalishuka jioni ile ile! Nani mwingine anaweza kuyashusha?

— Mvua iliacha, alisema Burhani.

— Na nani aliiacha?

Karugendo alijikuta anahesabu. Mtoto aitwe kwa Mugasha. Mama yake mzazi angekubali, padri asingekubali, na binti mwenyewe angekua watu wakimwomba azuie mvua kila wanapoanika kahawa. Alijipangusa uso. Machozi yalikuwa karibu, akaona haya, akasema tu:

— Jamani nawashukuru. Lakini kesho ni kesho. Mimi nilikuwa ng'ambo. Daraja limefunikwa, mimi niko upande wa ghala, mvua imeziba kila kitu, naona paa la nyumba yangu tu linaondoka kama kofia, na siwezi kufanya kitu. Mtu mwingine alifanya. Nataka nimwone nimshike miguu.

Hapo hakuna aliyetania. Rutashobya alimsogezea kikombe chake mwenyewe. Burhani alitia tangawizi ambayo kwa kawaida huiweka kwa ajili ya Ijumaa. Sajini alikuwa anafikiria kwamba ni kiboko, na angemtaja, kiboko aliyefugwa na wamisionari akawa na tabia njema, lakini aliutazama uso wa rafiki yake akalimeza neno.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anapanda kutoka mtoni. Alikuwa mtu mzima, mkavu, kanga ameifunga juu ya magoti, tope limemfika mapajani, na mkononi ana fimbo ya kupimia kina. Alifika benchini, akasimama, akavuta pumzi.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo mama. Karibu.

— Mimi ni Alistidia, natoka Buhembe. Tangu alfajiri nafuata mto. Natafuta mtumbwi wangu wa pombe. Marehemu mume wangu aliuchonga mwenyewe, una ufa ubavuni umezibwa kwa nta. Wanangu ndio wanaokamulia humo, na ndizi zao zimeshaiva. Maji yaliuchukua Jumatatu. Mmeuona?

Wanaume wanne walitazamana, kisha wakaangalia uani kwa Burhani, ambako mtumbwi ulikuwa umelazwa kifudifudi chini ya ukuta, ufa wake na nta yake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alipaza Rutashobya. Aliisema tu kwa kuwa ilikuwa mdomoni, na hakujua kwamba ndiyo methali yake ya kwanza wiki hiyo kuangukia mahali pake.

Walimkalisha. Walimpa kahawa, akaionja, akakunja uso, akaishukuru. Kisha wakamweleza wote kwa pamoja: serikali na inchi nne na nusu, askari wa chini ya maji, jini na mti wake, na yule wa ziwani ambaye Nathanieli sasa alidai ni Burhani aliyemtaja. Alistidia alisikiliza bila kukatiza, akimtazama kila msemaji kwa zamu yake, kama mwanamke aliyezaa wana saba na kuwasikiliza wote wakieleza nani amevunja chungu. Walipomaliza alikirudisha kikombe.

— Na mama mwenyewe amesemaje?

— Nani?

— Huyo aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Mmemwuliza?

Burhani alilifunua dele, akachungulia ndani kana kwamba jibu limebaki na machicha. Nathanieli alitazama mbingu, kazi aliyolipwa kuifanya. Rutashobya alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Mke wa Burhani ndiye mkunga, mgonjwa yuko hatua ishirini, mlango ni mkeka, na kwa siku tatu wanaume wanne wenye akili zao walikuwa wameuliza vita vya Bama, ofisi ya Bwana Shauri, ardhi na kilichomo chini yake.

Karugendo aliinamisha kichwa. Wengine hawakuuliza kwa sababu haikuwajia. Yeye ilikuwa imemjia. Kila jioni alisimama mbele ya mkeka ule, akasema, "Mzima?" akajibiwa, "Mzima," akaondoka upesi. Alijua akiuliza, "Nani alikusukuma?" mkewe angeweza naye kumwuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Swali hilo alilibeba tangu Jumatatu, na lilikuwa zito kuliko gunia lolote la ghalani.

— Twende, alisema Alistidia. Mimi nafuata mtumbwi wangu, wewe fuata jibu lako.

Karugendo alisimama. Hatua zile ishirini alizitembea mbele ya macho ya kijiwe kizima, kofia mkononi, na kijiwe chenyewe kikamfuata hatua kumi, kikasimama hapo kwa adabu. Siti alitokeza kichwa kando ya mkeka, mkono kiunoni.

— Hapaingiwi.

— Siingii, Bibi Siti. Nina neno moja tu. Kemilembe?

— Naam, sauti ilijibu ndani.

— Nani aliyeusukuma mtumbwi?

Mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa. Siti alitazama pembeni, na Karugendo akaelewa kwamba huyu naye alijua tangu mwanzo.

— Ukikasirika? aliuliza Kemilembe.

— Sitakasirika.

— Ni mimi.

— Wewe na nani?

— Mimi. Maji yaliingia, nikapanda kitandani, kitanda kikaanza kwenda. Mtumbwi ukaja ukajikwamisha kwenye mgomba wa mlangoni. Niliujua ni wa pombe. Nikasema, nikiugusa nimeharibu chombo cha watu, nisipougusa nimemharibu mtoto. Nikachukua mchi. Nikapiga magoti ndani, nikasukuma chini kwa mchi, nikasukuma, mpaka hapa uani. Nikamwomba Siti asiseme, kwa sababu mtumbwi una mwenyewe, na mwenyewe akijua mwanamke mwenye mimba amekaa humo atadai mpya.

Nyuma kidogo Nathanieli alinyanyua mkono, akauonyesha: unapanda, unashuka. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Alistidia alisogea mpaka karibu na mkeka.

— Mwanangu, mwenyewe ni mimi. Mtumbwi uliomchukua mtoto haujaharibika. Rubisi ya safari hii ikigoma kuchacha, wanangu watakunywa maji, na maji mwaka huu tunayo.

Ndani mtu alicheka, kisha kicheko kikawa kilio, kisha kikawa kicheko tena. Karugendo alibaki pale pale. Swali lake lilikuwa limejibiwa, na lile jingine bado lilikuwa hewani, akaona ni heri alitoe mwenyewe.

— Mimi nilikuwa ng'ambo, Kemilembe. Sikuweza kuvuka.

— Najua. Nilikuona.

— Uliniona?

— Umesimama kwenye ukingo wa pili na kofia mkononi. Mara unaingia majini, mara wanakuvuta shati. Nikajua nikienda na maji, na wewe utayafuata, na huwezi kuogelea. Nikazidi kusukuma.

Karugendo aliizungusha kofia mikononi. Siti, ambaye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, alianza kuupangusa mkeka usiokuwa na vumbi.

— Niliapa mtoto atachukua jina la aliyemwokoa, alisema Karugendo. Sasa nitamwitaje? Mtoto na mama hawaitwi jina moja.

— Jina ni la kwenu. Mpeni nyinyi.

— Taja wewe. Kesho nitasimama mbele ya ukoo niseme ni wewe uliyelitaja, na atakayeuliza kwa nini nitamwonyesha mto.

Nyuma ya mkeka kitanda kililia, Kemilembe akasogea karibu.

— Kokusima, alisema.

Kokusima ni kushukuru. Karugendo alilirudia jina hilo mara mbili taratibu, akaona linakaa vizuri mdomoni. Halafu mtu huyo mpole, aliyebeba magunia maisha yake yote bila kuyapigia kelele, alitandika kofia yake chini, akapiga goti juu yake mbele ya mkeka. Kuna neno la Kihaya la kuwasalimia watawala, na shujaa anayerudi ameshinda, lakini mume halitamki kwa mkewe, wala yeye hakuwahi kumsikia baba yake akilitamka nyumbani. Alilisema.

— Kasinge, Kemilembe.

Kule nyuma Rutashobya, bila kuamriwa na mtu, alisimama wima kijeshi, koti limefungwa vifungo vyote. Kisha Siti alitia kichwa nyuma ya mkeka, akasikiliza, akakitoa tena.

— Anasema hajasikia vizuri, alisema. Anasema urudie.